Namna ya Kunasa Hitilafu za Saa za Atomiki za Satelaiti kwa Takwimu: Mwongozo Kamili

Malalamiko ya wasomaji huja kwa sura mbili. Mmoja anasema programu yake inapiga kengele usiku na mchana, kila satelaiti ni mbovu, mpaka ameacha kuisikiliza. Mwingine anasema programu yake ilinyamaza kimya huku saa ya satelaiti ikiruka mchana kweupe, akaja kugundua baadaye kwa kutazama grafu kwa macho yake. Wote wawili wanaomba fomula iliyo bora zaidi. Mara nyingi fomula haina kosa lolote. Kosa liko kwenye maandalizi ya data, na kwenye kizingiti (kiwango ambacho kikivukwa kengele inalia) kilichowekwa kabla mtu hajaijua tabia ya saa hiyo ikiwa nzima.

Mwanga husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Saa ikipotoka kwa nanosekunde 10, umbali unaopimwa kutoka satelaiti hiyo unapotoka kwa mita 3. Kuna hitilafu kubwa zisizojificha, kama ile ya saa ya rubidi kwenye satelaiti ya GPS SVN 23 tarehe 1 Januari 2004, iliyozaa makosa ya umbali ya mamia ya kilomita kabla satelaiti haijatangazwa kuwa mbovu. Hitilafu ya namna hiyo haihitaji mwongozo. Hapa tunashughulika na zile ndogo, zinazojificha ndani ya kelele za kawaida za saa, yaani mitikisiko yake midogo ya nasibu, na kuharibu hesabu polepole.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya 2 au ya 5, zote zinazofuata hazitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Data za saa za satelaiti zilizokadiriwa baada ya vipimo. Chanzo kizuri ni IGS, shirika la kimataifa la huduma za GNSS (mifumo ya satelaiti za urambazaji), linalozitoa bure. Chukua faili za matokeo ya mwisho (final) za kila sekunde 30. Tangu juma la GPS la 2238, yaani mwishoni mwa Novemba 2022, majina yake yana umbo hili: IGS0OPSFIN_20240700000_01D_30S_CLK.CLK.gz. Tarakimu nne za mwanzo ni mwaka, tatu zinazofuata ni siku ya mwaka. Pakua angalau siku 30 mfululizo.

Data za kituo kimoja cha uchambuzi mbali na jumla ya IGS, kwa mfano CODE, GFZ au ESA. Utazihitaji kwenye uthibitisho.

Matangazo ya waendeshaji. GPS ya Marekani hutoa NANU, Galileo ya Ulaya hutoa NAGU. Humo mnaandikwa satelaiti ipi ilitolewa kazini, lini na kwa sababu gani.

Python yenye NumPy, AllanTools na maktaba yoyote ya kuchora grafu. Kompyuta ya kawaida inatosha.

Usifanye kazi hii kwa saa zinazotangazwa na satelaiti yenyewe kwenye ujumbe wake wa urambazaji. Ujumbe huo hubeba utabiri wa saa, na kwa GPS kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya muda wa saa 2. Ukiutafutia miruko utaipata tele, lakini ni miruko ya mtabiri anapobadilisha utabiri wake. Saa yenyewe haitakuwa imefanya lolote.

## Hatua ya 1: Soma faili bila kuichafua

Kwenye faili ya saa, mistari ya satelaiti huanza na AS. Inafuata namba ya satelaiti, tarehe, muda, idadi ya thamani, kisha tofauti ya muda wa saa hiyo dhidi ya muda wa rejea. Kipimo chake ni sekunde. Zidisha kwa bilioni moja upate nanosekunde, maana macho ya binadamu hayawezi kufanya kazi na 0.000123456789.

Mambo matatu ya kuangalia hapa:

Pengo libaki pengo. Ukijaza sifuri mahali pasipo na kipimo, umetengeneza mruko mkubwa kuliko wowote uliowahi kutokea angani. Tumia NaN, alama ya Python inayosema hapa hakuna namba.

Namba kama G23 ni namba ya msimbo wa mawimbi, na inaweza kuhamishwa kutoka satelaiti moja kwenda nyingine. Namba ya chombo chenyewe ni SVN, nayo haihami. Ukihifadhi historia kwa namba ya msimbo pekee, ipo siku utaunganisha saa mbili tofauti na kudhani ni moja iliyochanganyikiwa.

La tatu, andika kando ya kila satelaiti aina ya saa inayotumika. GLONASS ya Urusi inategemea sana seziamu. Galileo ina maza za hidrojeni (saa za atomiki za hidrojeni) na saa za rubidi. BeiDou ya China, kizazi cha tatu, ina rubidi na hidrojeni. GPS ya sasa ni rubidi kwa sehemu kubwa, na seziamu chache. Tofauti hizi zitaamua vizingiti vyako huko mbele.

*Umefaulu ikiwa:* grafu ya kila satelaiti kwa siku moja ni mstari ulionyooka, au wenye mpindo mdogo sana, bila kushuka ghafla kwenye sifuri.

## Hatua ya 2: Ondoa mikatiko ambayo si ya saa

Kengele nyingi za uongo huzaliwa hapa, kwa hiyo usikimbie.

Mkatiko wa saa sita usiku. Vituo vya uchambuzi hukadiria saa kwa siku moja moja. Kila siku ina hesabu yake, na kiwango cha jumla cha saa hutegemea vipimo vya msimbo, ambavyo vina kelele kuliko vipimo vya mawimbi beba. Siku mbili zinapokutana, mstari wa saa hukatika kidogo, pengine sehemu ya nanosekunde, pengine kuikaribia nanosekunde nzima. Saa iliyoko angani haijui lolote kuhusu mkatiko huo. Kama kengele zako zinajikusanya saa 00:00 kamili ya muda wa GPS, usitafute zaidi, jibu umeshalipata.

Tiba yake ni rahisi: usitoe kipimo cha kwanza cha leo kwenye cha mwisho cha jana. Kata data kwenye mipaka ya siku, weka NaN kwenye tofauti hiyo moja, kisha endelea. Unachopoteza ni uwezo wa kuona mruko wa muda uliotokea usiku huo huo kamili. Mruko wa masafa (kasi ambayo saa inakimbia au kuchelewa) huupotezi, kwa sababu kiwango cha masafa kabla na baada ya usiku wa manane bado kitatofautiana.

Mruko wa rejea. Hakuna saa inayopimwa peke yake. Kila moja inapimwa dhidi ya nyingine. Rejea ikiruka, satelaiti zote zitaonekana zimeruka kwa kiasi kilekile, kwa wakati uleule. Hili huonekana zaidi kwenye data za kituo kimoja, ambako rejea huweza kuwa saa moja tu ya kituo cha ardhini. Muda wa IGS umejengwa kwa saa nyingi pamoja, ndiyo maana umetulia zaidi.

Kila baada ya sekunde 30 chukua mabadiliko ya satelaiti zote, tafuta mediani yake (thamani ya katikati), kisha iondoe kwa kila moja. Tumia mediani badala ya wastani: saa moja iliyoharibika ikiruka kwa nanosekunde 300 kati ya saa 30, itausogeza wastani kwa nanosekunde 10 na kuzisingizia nyingine 29, lakini mediani haitatikisika. Saa za seziamu ziache nje ya mediani hiyo kwa sababu zina kelele kubwa za muda mfupi.

*Umefaulu ikiwa:* ukichora kengele zote kwa saa ya siku, hazirundikani usiku wa manane, na hakuna dakika ambayo nusu ya satelaiti zinalia pamoja.

## Hatua ya 3: Hama kutoka tofauti ya muda kwenda masafa

Tofauti ya muda hujilimbikiza, na kwenye mstari unaopanda siku nzima ni vigumu kuona kitu kidogo. Kwa hiyo hesabu masafa: toa kipimo kilichopita kwenye kipimo cha sasa, gawa kwa sekunde 30. Unapata namba isiyo na kipimo, inayosema saa inakimbia au kuchelewa kwa sehemu gani.

Jifunze sura ya kila hitilafu kwenye grafu ya masafa, maana hapa ndipo utambuzi unapoanza. Chukua mfuatano huu wa tofauti za muda kwa nanosekunde, baada ya kuondoa mwelekeo wake:

0.02, 0.01, 0.03, 1.53, 1.52, 1.54

Saa imeruka na kubaki huko juu. Kwenye masafa utaona mwiba mmoja tu, wa 1.50 ns gawa kwa sekunde 30, yaani 5 × 10⁻¹¹, kisha hali inarudi kama ilivyokuwa. Huo ni mruko wa muda. Sasa linganisha na huu:

0.02, 0.01, 1.53, 0.03, 0.02

Hapa mna miiba miwili, mmoja juu na mwingine chini, inayofuatana na kukaribia kulingana. Hicho ni kipimo kibovu kimoja. Saa haina tatizo. Programu inayohesabu ukubwa wa mwiba bila kuangalia alama yake itavichanganya vitu hivi viwili kila mara.

Mruko wa masafa una sura nyingine: ngazi. Kiwango kinapanda na kukaa. Na ngazi hiyo ni ya hila. Mruko wa 1 × 10⁻¹³ unaongeza pikosekunde 3 tu kwa kila sekunde 30. Hakuna jicho litakaloziona. Uache siku nzima, unafika nanosekunde 8.64, sawa na mita 2.6. Mabadiliko ya mserereko (masafa kusogea polepole kwa mwelekeo mmoja) nayo yanaonekana kama mstari ulioanza kuinama, na kelele zikiongezeka utaona utepe wa grafu ukinenepa.

## Hatua ya 4: Toa tabia zinazojulikana

Saa za rubidi husererekea: masafa yake hubadilika kidogo kila siku kwa mwelekeo mmoja. Seziamu haina tabia hiyo kwa kiasi cha kusumbua. Pia saa nyingi za GPS huonyesha mawimbi ya kujirudia ya takriban muda wa saa 12 na saa 6, yanayofungamana na mzunguko wa satelaiti. Sababu zake ni joto linalobadilika ndani ya chombo pamoja na makosa ya obiti yanayojipenyeza kwenye makadirio ya saa. Galileo huzunguka kwa takriban saa 14, basi tafuta mawimbi yake kwenye kipindi hicho na nusu yake.

Linganisha data na mstari mmoja ulioinama, pamoja na saini na kosaini za vipindi hivyo, kwa njia ya miraba midogo kabisa. Kisha toa ulichopata, ubaki na masalio.

Onyo la kwanza: vigezo hivi vikadirie kwenye siku zilizotangulia, usivikadirie kwenye siku unayoichunguza. Ukijumuisha siku yenye mruko, mawimbi yatajinyoosha kuufuata, yameze sehemu yake, na kipimo chako kitakuta kitu kidogo kuliko kilichotokea.

Onyo la pili: usiongeze wala kupunguza sahihisho la nadharia ya uhusiano linalotokana na obiti kutokuwa duara kamili. Kwenye faili za IGS sehemu hiyo imeshaondolewa. Ukiiondoa tena unaingiza wimbi la kipindi cha obiti. Kwa obiti yenye mchepuko wa 0.01, wimbi hilo hufika nanosekunde 23 hivi.

*Umefaulu ikiwa:* ukichora nguvu ya masalio kwa vipindi, vilele vya saa 12 na saa 6 vimezama kwenye kelele za jirani.

## Hatua ya 5: Ijue saa ikiwa nzima

Chagua siku ambazo hazina tangazo lolote na ambazo grafu yake imetulia. Hesabu mkengeuko wa Allan (kipimo cha jinsi masafa ya saa yanavyoyumba kati ya kipindi kimoja na kinachofuata) kwa muda wa wastani kuanzia sekunde 30 hadi karibu siku moja. Kwa rubidi tumia mkengeuko wa Hadamard, kwa sababu hauathiriwi na mserereko ulionyooka.

Kwenye AllanTools kazi hizo ni oadev na ohdev. Kigezo cha rate ni idadi ya vipimo kwa sekunde, kwa hiyo andika 1/30. Wanaoandika 30 hupata grafu yenye umbo sahihi na namba za uongo, nayo haitoi onyo lolote. Kama data ina mapengo, tumia gradev.

Soma mteremko wa grafu hiyo kwenye vipimo vya logi. Ukishuka kwa nusu, yaani kila muda ukizidishwa mara nne mkengeuko unapungua kwa nusu, kelele ni nyeupe za masafa: vipimo havikumbukani, na kuchukua wastani kunasaidia. Ukilala sawa, ni kelele za kumetameta, na wastani mrefu hauongezi chochote. Ukianza kupanda, masafa yanatangatanga yenyewe bila hitilafu yoyote.

Andika mambo mawili kwa kila saa: ukubwa wa kelele kwenye sekunde 30 na kwenye sekunde 300, na muda ambao mteremko wa kushuka unakoma. Muda huo ndio mwisho wa dirisha lako. Ukitumia dirisha refu zaidi ya hapo, utaita kutangatanga kwa kawaida hitilafu.

Ukiona kivimbe kwenye muda wa saa 4 au 5 hivi, mawimbi ya saa 12 hayajatoka vizuri. Rudi Hatua ya 4.

Kwa ukubwa wa kelele za kila siku, usitumie mkengeuko sanifu wa kawaida (sigma, kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika). Hesabu mediani ya umbali wa kila kipimo kutoka kwenye mediani yao, zidisha kwa 1.4826. Kelele zikifuata mgawanyo wa kawaida wa takwimu, namba hiyo ni sawa na sigma. Faida yake ni kwamba mruko wenyewe hauwezi kuipandisha. Sigma ya kawaida hupandishwa na hitilafu ileile unayoitafuta, kizingiti kinapanda nayo, hitilafu inapita chini yake. Wengi waliolalamika kwamba programu imenyamaza walikuwa na tatizo hili.

## Hatua ya 6: Weka kizingiti kwa hesabu

Sigma tatu imezoeleka mashuleni, na kwa kazi hii haifai. Fanya hesabu hii mwenyewe. Vipimo vya sekunde 30 ni 2,880 kwa siku. Kwa satelaiti 30 ni majaribio 86,400 kila siku. Kelele za kawaida huvuka sigma tatu kwa asilimia 0.27. Matokeo: kengele za uongo zipatazo 233 kila siku, na hakuna saa hata moja iliyoharibika.

Kwenye sigma tano, uwezekano ni takriban 5.7 kwa kila milioni 10. Kwa majaribio yaleyale 86,400 unapata kengele moja ya uongo kwa karibu siku 20. Hicho ni kiwango ambacho mtu anaweza kukifuatilia kwa mkono.

Anza na tano, kisha pima kwenye siku zako safi. Kelele halisi huwa na mikia minene kuliko ya nadharia, na saa nyingine zitadai sita. Kizingiti kiwe cha kila saa peke yake. Seziamu na maza ya hidrojeni haziwezi kutumia namba moja ya nanosekunde.

## Hatua ya 7: Tumia vipimo viwili, kila kimoja na kazi yake

Kwa mruko wa muda: gawa kila salio la masafa kwa sigma, linganisha na kizingiti. Ukivukwa, angalia kipimo kinachofuata. Kama kimevuka pia kwa alama ya kinyume na ukubwa unaokaribiana, weka alama ya kipimo kibovu na uendelee. Kama hakikuvuka, ni mruko.

Kwa mruko wa masafa: kipimo kimoja kimoja hakitoshi. Tuseme saa ina kelele nyeupe za 6 × 10⁻¹⁴ kwenye sekunde 300, na imeruka kwa 1 × 10⁻¹³. Kwa kipimo kimoja mruko huo ni sigma 1.7, hakuna kizingiti cha maana kitakachouona. Sasa weka madirisha mawili yanayopakana, kila moja likiwa na vipimo 36, yaani muda wa saa 3. Tofauti ya wastani zao ina kelele za 6 × 10⁻¹⁴ mara kipeuo cha pili cha 2/36, ambayo ni 1.4 × 10⁻¹⁴. Mruko uleule sasa ni sigma 7. Umetoka gizani bila kubadilisha data hata kidogo.

Bei yake ni kuchelewa. Katika saa 3 hizo, mruko umeshajenga nanosekunde 1.08, sawa na sentimita 32. Fanya hesabu hii kwa kila dirisha unalolichagua, na uieleze kwa mita, kwa sababu mtumiaji wa mfumo anaumizwa na mita.

Kama unataka njia isiyo na dirisha la kudumu, tumia jumla limbikizi, inayojulikana kwenye programu kama CUSUM. Gawa masalio kwa sigma, kila mara toa 0.5, ongeza kwenye jumla iliyotangulia, na jumla ikishuka chini ya sifuri irudishe sifuri. Endesha nyingine ya pili kwa upande wa kushuka. Vitabu vingi vya udhibiti wa ubora hupendekeza kizingiti cha 5. Usikichukue kwa upofu: kwa pande mbili hutoa kengele ya uongo kila baada ya vipimo 465 hivi, na kwa sekunde 30 hiyo ni chini ya saa 4. Kikipandishwa hadi 12, kengele za uongo kwa satelaiti moja hutengana kwa karibu nusu mwaka, ilhali mruko wa sigma moja bado unanaswa baada ya vipimo 24 hivi, sawa na dakika 12. Sijaona mahali pengine kwenye kazi hii ambapo gharama ndogo hivyo inanunua utulivu mkubwa hivyo.

Hesabu hizi zinadai masalio yasiyokumbukana. Kama yana mawimbi yaliyosalia, jumla itapanda na kushuka nayo, na utapata kengele mbili kila mzunguko wa satelaiti.

Kichujio cha Kalman nacho hufanya kazi vizuri: kinatabiri kipimo kijacho, nawe unapima mshangao wake kwa sigma. Ukikitumia, usikipe uhuru mkubwa wa kubadilisha masafa, la sivyo kitajirekebisha kimyakimya na kuumeza mruko kabla jaribio halijauona.

Ongezeko la kelele lipime kwa kulinganisha variansi (sigma kwa kipeo cha pili) ya dirisha la sasa na ya siku safi. Kumbuka kwamba variansi ya vipimo 36 ina wasiwasi wa takriban asilimia 24, basi usishtuke inapopanda kwa robo.

## Hatua ya 8: Panda hitilafu za bandia

Usiiamini programu ambayo haijawahi kukamata kitu unachokijua. Chukua siku safi, ongeza mruko wa masafa wa 2 × 10⁻¹⁴, kisha 5 × 10⁻¹⁴, kisha 1 × 10⁻¹³, kila ukubwa mara nyingi na kwa nyakati tofauti za siku. Pitisha data hizo kwenye mlolongo wote kuanzia Hatua ya 2. Ukianzia Hatua ya 7 utakuwa umekwepa sehemu inayomeza hitilafu.

Kwa kila ukubwa andika ni asilimia ngapi zimenaswa na zimechelewa kwa muda gani. Panda pia karibu na usiku wa manane na karibu na mapengo, maana huko ndiko programu nyingi hufeli.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kusema kwa kila saa, mruko wa ukubwa huu nitaunasa karibu kila mara, na wa ukubwa ule siahidi.

## Hatua ya 9: Thibitisha kabla ya kuita hitilafu

Kengele ni dai tu. Ihoji kwa mpangilio huu:

1. Je, satelaiti nyingine zimelia pamoja nayo? Kama ndiyo, rudi kwenye rejea.
2. Je, kuna NANU au NAGU? Waendeshaji huhamisha saa ya akiba kuwa saa kuu, hurekebisha masafa, au husogeza chombo. Kwenye data vyote hufanana na hitilafu, na kwa takwimu ni miruko ya kweli, ila si ugonjwa wa saa.
3. Je, kituo kingine cha uchambuzi kinaona jambo lilelile? Saa ikiruka angani, wote wataiona kwa ukubwa uleule. Kikiona kimoja tu, shuku hesabu ya kituo hicho.
4. Je, obiti imehusika? Kosa la obiti kuelekea Dunia huingia kwenye saa karibu lote: sentimita 3 ni nanosekunde 0.1. Linganisha obiti za vituo viwili. Tofauti ya saa ikipanda na kushuka sambamba na tofauti ya obiti, saa imesingiziwa.
5. Je, satelaiti iko kwenye msimu wa kupita kivulini mwa Dunia? Joto hubadilika, na saa nyingine hubadilika nalo kwa mpangilio unaojirudia kila mzunguko. Hitilafu halisi haina sababu ya kujirudia kwa ratiba.

Swali la tatu na la nne ndiyo yanayorukwa zaidi, na ndiyo yanayookoa heshima ya mchambuzi.

## Hatua ya 10: Anza upya baada ya mruko

Baada ya mruko wa masafa uliothibitishwa, data za zamani hazielezi tena kiwango cha saa hiyo. Programu inayoendelea kulinganisha na kiwango cha zamani italia bila kukoma. Funga kipande kilichopita, anza kipya, kadiria upya kiwango na mserereko. Ukubwa wa kelele unaweza kuuazima kwenye kipande cha zamani kwa siku chache za mwanzo, kisha uuhesabu tena, kwa sababu saa iliyoruka wakati mwingine hubaki na kelele zaidi.

Katika siku hizo punguza imani yako kwa saa hiyo: iondoe kwenye mediani ya Hatua ya 2, na kwenye hesabu za mahali ipe uzito mdogo. Kwenye rekodi andika SVN, aina ya saa, muda wa GPS wa mwanzo wa mruko, muda kengele ilipolia, ukubwa kwa masafa na kwa mita kwa siku, kituo kilichothibitisha, na namba ya tangazo kama lipo. Muda wa mwanzo na muda wa kengele viwe safu mbili tofauti.